Swali la nne: tunavyopima wasiwasi kliniki

Mama alinyoosha miguu chini ya meza, akavua kiatu kimoja, akaniambia niendelee. Ilikuwa saa nne asubuhi katika kliniki ya sukari na presha, naye alikuwa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilikuwa na karatasi moja ya maswali saba. Yeye alikuwa na kikapu, kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya leso, na genge la sukuma wiki aliloliacha mikononi mwa jirani ambaye, alivyoniambia, hajui kurudisha chenji.

"Katika wiki mbili zilizopita," nikasoma swali la nne, "ni mara ngapi umesumbuliwa na kushindwa kupumzika?"

Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya ndege. "Kijana wangu, saa kumi alfajiri mimi niko sokoni Marikiti. Kupumzika ni kwa nani?"

Nikamsomea majibu manne ya kuchagua. Akachagua "karibu kila siku". Nikaandika 3.

Hiyo 3 nimeiandika mara nyingi, kwa watu wengi, na sijawahi kuiandika bila kuhisi kuna kitu kimeniponyoka.

Kazi yangu ni utafiti msaidizi. Nilisomea saikolojia, udaktari sikuusomea, lakini ukivaa koti jeupe kwenye korido ya kliniki hapa Nairobi wewe ni daktari na ubishi haukusaidii. Niko katika kikundi kidogo kinachokagua hojaji za wasiwasi: ipi inafaa kusomewa mgonjwa aliyekuja kwa jambo lingine kabisa, sukari, presha au moyo, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Ni kazi ya kukipima kipimo. Hojaji inapima kile inachodai kupima? Nikikuuliza leo na nikuulize tena baadaye, hali yako ikiwa ileile, utanijibu vilevile? Inawanasa wangapi kati ya wenye tatizo, na inawasingizia wangapi wasio nalo?

Niliyokuwa nayo siku ile inaitwa GAD-7. Ilitolewa mwaka 2006 na Robert Spitzer, Kurt Kroenke, Janet Williams na Bernd Löwe, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 2,740 katika kliniki 15 za kawaida huko Marekani. Kila swali lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla haipiti 21. Ukifika 5 wasiwasi wako ni mdogo, 10 ni wa wastani, 15 ni mkali. Haiuzwi, haiombewi ruhusa, inatosha kwenye ukurasa mmoja, na ndiyo maana utaikuta kila mahali, kuanzia hospitali kubwa hadi simu ya mwanafunzi wa chuo anayehangaikia tasnifu. Naipenda. Nataka hilo lijulikane kabla sijaanza kuilalamikia.

Lalamiko la kwanza wala si lake, ni la salamu zetu. Tukikutana nakuuliza "Hujambo?", yaani, huna jambo? Nawe unajibu "Sijambo", sina, hata kama nyumba iliteketea jana. Habari ni nzuri kwanza; "ila" inafuata baada ya kimya kidogo. Nimewahi kwenda kwenye matanga ambako mfiwa mwenyewe alinijibu "nzuri" kabla ya kuangua kilio. Sasa mtu wa namna hii ukimketisha na kumuuliza swali la kwanza, kama amekuwa na wasiwasi, anakujibu kwa adabu ileile ya mlangoni: "La, tunamshukuru Mungu." Andika 0. Kufikia swali la tano au la sita ameizoea sauti yako, na "ila" imepata pa kupita. Nimekutana na wagonjwa waliorudi nyuma wenyewe: "Lile la kwanza uliloniuliza, hebu andika tena." Kwa kanuni tulizopewa, jibu la kwanza ndilo linalobaki. Siku hizi naandika yote mawili, la pili kwa penseli.

Tena hojaji hii ilitungwa mtu aijaze peke yake, kimya, na kalamu yake. Sisi tunamsomea, kwa sababu miwani imebaki nyumbani au kusoma kwenyewe ni kwa shida, na kwenye benchi la nyuma kuna watu wanne wanaosikiliza huku wakijifanya wanatazama runinga.

Kisha yaja maneno. Swali la kwanza la Kiingereza limebeba hisia tatu kwa mpigo, na ya tatu ni msemo: mtu kuwa ukingoni, kama aliyesimama kwenye ncha ya kitu. Tafsiri moja iliyotufikia, kutoka ofisi ambayo sitaitaja na ambayo ni wazi ilifanya kazi hiyo mbio mbio, iliandika "kujihisi uko kwenye ukingo". Nilimsomea mzee mmoja wa Njiru. Akafikiri kwa makini, maana alikuwa mtu wa kujibu kwa haki, akasema machimbo ya mawe yako mbali kidogo na kwake, na wajukuu wamekatazwa kufika huko. Nikaandika 0, nikauficha uso ndani ya faili.

Tafsiri mbovu ziko tele, hazinishtui. Kilichonikera ni kwamba hii ilikuwa imefaulu mtihani. Utaratibu wa wengi, ambao Richard Brislin aliuandikia mwaka 1970, ni kutafsiri kwenda na kurudi: mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hakuona asili anarudisha Kiswahili kwenda Kiingereza, kisha nakala mbili za Kiingereza zinalinganishwa. Basi ukingo ukaenda, ukingo ukarudi, vikafanana kama pacha. Neno kwa neno ndilo linalorudi salama kuliko yote! Wale wafasiri wawili walijua Kiingereza kiasi cha kuelewana kupitia Kiswahili ambacho mtu wa tatu hakielewi. Laiti wa kwanza angeandika "roho juu", ambao ndio msemo wa watu, ungerudi umebadilika sura na kamati ingeukata.

Hata neno wasiwasi halijatulia. Asili yake ni Kiarabu, ule mnong'ono wa shetani kifuani unaotajwa katika Sura ya 114 ya Kurani, na kwa Mwislamu wa Pwani mwenye wasiwasi anaweza kuwa yule anayerudia udhu mara tatu, nne, akidhani haujatimia. Kwa makanga wa matatu, "hakuna wasiwasi" maana yake ni nauli yako nimeipata. Kwa mama yangu mzazi, kumtilia mtu wasiwasi ni kumshuku. Wagonjwa wetu wanapoeleza kile daktari wa akili anachokitafuta hawalitumii sana. Wanasema "niko na mawazo", na kwa Kiswahili cha Nairobi mawazo si fikra, ni mzigo. GAD-7 ya Kiswahili imeshapimwa Kilifi kwa watu wazima wanaoishi na VVU, matokeo yakachapishwa mwaka 2020, na ilisimama vizuri. Lakini Kiswahili cha Kilifi, huko Pwani, ukikileta Kayole hapa Nairobi bila kukionja kwanza, utakuja kujua mbele ya mgonjwa.

Kuonja ninakosema ni kazi ya polepole. Unamsomea mtu swali, na badala ya kudaka jibu unamuuliza, "Umesikia nimekuuliza nini?" Anakueleza kwa maneno yake. Ni katika kufanya hivyo tulipogundua balaa la "zaidi ya nusu ya siku". Kwenye Kiingereza ni siku nyingi, zaidi ya nusu yake. Kwetu siku ni siku, moja au mia. Bwana mmoja fundi wa viatu alinijibu, "Ni kweli, inanishika mpaka kama saa saba mchana, halafu inapoa." Alikuwa amesikia zaidi ya nusu siku! Nikajiuliza ni 2 ngapi zilizoko kwenye makaratasi yetu zilizokuwa zikihesabu saa.

Tulibadilisha, tukasema "zaidi ya siku saba kati ya kumi na nne". Bado ilikuwa hesabu ngumu kwa mtu ambaye hajala tangu jana usiku kwa ajili ya kipimo cha sukari. Mwishowe muuguzi mmoja akaleta maharagwe kumi na manne kwenye kopo la Blue Band. Unayamwaga mezani: hizi ni siku zako za wiki mbili, nitengee zile ulizokuwa na roho juu. Watu wanayatenga polepole, mengine wanayarudisha. "Hapana, hiyo ilikuwa Jumapili, niliimba kwaya." Sijaona sehemu yoyote ya kazi hii inayonipa imani zaidi kuliko kidole cha mtu kikirudisha haragwe moja.

Hojaji nyingine ziko, na kila moja ina pa kukunasa. Kipimo cha Aaron Beck cha mwaka 1988 kina vipengele 21 na alama hadi 63, na ni mashuhuri mno. Kipeleke kliniki ya sukari uone. Kipengele cha kwanza kabisa ni ganzi au kuchomwachomwa mwilini. Mgonjwa wa kisukari wa miaka kumi, ambaye mishipa ya fahamu ya miguu imeanza kuharibika, anakupa 3 kabla hujameza mate. Mikono kutetemeka na jasho la ghafla: sukari ikishuka ndivyo inavyofanya, 2 na 2. Kizunguzungu cha dawa za presha, 2. Moyo kwenda mbio, 2. Miguu kulegea, 2. Tumbo kutosaga chakula, 3. Jumla 16, na 16 kwa mwongozo wa kipimo hicho ni wasiwasi wa wastani. Mtu huyo huenda analala fofofo. Umepima kisukari kwa kalamu.

Anthony Zigmond na Philip Snaith walitambua mtego huo mapema. Mwaka 1983 waliitunga HADS mahsusi kwa wagonjwa wa hospitali wenye maradhi ya mwili, maswali saba ya wasiwasi na saba ya huzuni, wakiyaepuka kwa makusudi mambo kama kizunguzungu na kuumwa kichwa. Kwa kliniki kama yetu ni wazo la busara kuliko la Beck, nasema hivyo bila kupepesa, ingawa matumizi yake yana leseni ya kulipia. Ila Waingereza nao wana vipepeo vyao. Kuna swali la hofu inayofanana na vipepeo tumboni. Ukimwambia mgonjwa wa Nairobi ana vipepeo tumboni atakuuliza dawa ya minyoo iko wapi. Sisi tuna "tumbo joto", magazeti yanaitumia kila wanasiasa wakisubiri uamuzi wa korti, na nilidhani nimepata dhahabu. Nikaijaribu. Wagonjwa watatu mfululizo wakaanza kunieleza vidonda vyao vya tumbo, wanakula nini na kinawachoma saa ngapi.

Kuhusu takwimu nitasema kidogo, na nianze na aibu yangu. Kuna kipimo kinachoitwa alfa ya Cronbach, cha mwaka 1951, kinachoonyesha kama maswali ya hojaji yanakwenda pamoja. Ikipita 0.7 watu hutabasamu. Waliotunga GAD-7 walipata 0.92. Mara yangu ya kwanza nilipata zaidi ya hapo, nikatembea kifua mbele siku mbili nzima. Ya tatu nikafungua makaratasi yenyewe. Kurasa kwa kurasa: 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, mstari umenyooka kama nguzo ya stima. Nyingi zilikuwa za Ijumaa jioni. Nilikuwa nasoma mbio ili niwahi matatu kabla mvua haijaifunga Thika Road, na wagonjwa, ambao si wajinga, walikuwa wameng'amua kwamba "siku kadhaa" ndilo jibu linalokuondoa kwenye kiti haraka bila kumuudhi mtu. Maswali yalikwenda pamoja kweli. Kielelezo kizuri kabisa cha watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Jambo la kurudia kipimo nalo lina vituko vyake. Unamhoji mtu, unamhoji tena baadaye, na alama zikikaribiana unasema hojaji ni thabiti. Tuliwahi kuwahoji wengine kuanzia tarehe 27, tukawarudia tarehe 10. Alama zikashuka karibu kwa wote. Mwenzangu aliyesoma hesabu akasema kipimo kinayumba. Muuguzi wa maharagwe, ambaye anaishi Umoja, akauliza tu: kodi ya nyumba hulipwa tarehe ngapi? Kufikia tarehe 5, aliyelipa amelipa, na ambaye hakulipa ameshazungumza na mwenye nyumba. Hojaji ilikuwa imeona sawasawa. Sisi ndio tuliochagua tarehe kama wageni.

Na kuna suala la ule mpaka wa 10. Mwaka 2006 wagonjwa 965 kati ya wale wa kliniki 15 walipigiwa simu na wataalamu na kuhojiwa kwa kina, bila wataalamu kujua alama zao, na 73 wakabainika kuwa na tatizo la wasiwasi wa jumla. Kwa mpaka wa 10, hojaji iliwanasa asilimia 89 ya wenye tatizo na kuwaacha salama asilimia 82 ya wasio nalo. Yanasikika kama matokeo ya mwanafunzi bora. Fanya hesabu kwa vidole sasa. Katika 73, inawanasa kama 65. Lakini katika wale 892 waliobaki, asilimia 18 nao wanavuka mpaka, na hao ni kama 160. Kwa hiyo katika kila watu saba waliopata 10 au zaidi, wawili ndio wenye tatizo lenyewe. Watano waliobaki huenda wana shida nyingine, lakini si hii. Hao 73 pia walibainishwa kwa masharti magumu, yakiwemo miezi sita ya wasiwasi uliozidi kiasi, huku hojaji ikiuliza wiki mbili tu na ikiwa haina njia ya kuuliza kuhusu kiasi.

Kiasi, hapo ndipo swali la saba linaponitoa jasho: kuogopa kana kwamba jambo baya sana litatokea. Nililisoma kwa kijana wa Mathare mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, wakati serikali ilipokuwa ikibomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Aliniuliza kama "kana kwamba" ni lazima.

Mtu anaweza kusema tutunge yetu, tuachane na hizi. Zimbabwe walifanya hivyo. Vikram Patel na wenzake walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, wakatoa mwaka 1997 hojaji ya Kishona yenye maswali 14 ya ndiyo na hapana, ikiwa na ile dhana yao ya kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambayo ni ndugu wa damu wa mawazo yetu. Ndiyo inayotumiwa na nyanya wa Harare wanaoketi kuwasikiliza wenye mawazo kwenye mabenchi ya urafiki, aliyoyaanzisha daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Naihusudu kazi hiyo. Lakini hojaji mpya inaanza maisha peke yake. Hakuna wa kuilinganisha naye, na kila daktari utakayempelekea atakuuliza, hii 9 yenu kwa GAD-7 ni ngapi?

Yule mama wa Marikiti alirudi baada ya mwezi kuchukua dawa. Safari hii hatukuwa na foleni ndefu, nikamwomba anisaidie na swali la nne, si kulijibu, kunieleza linauliza nini. Nikamfafanulia: hatuulizi kama unapata nafasi ya kukaa. Tunauliza wakati umekaa.

Akafunga leso ya kadi, akaifungua tena. "Kumbe. Basi uliza hivyo. Uliza: hata ukipata pa kukaa, moyo unakataa kukaa?"

Nikamwuliza hivyo hivyo. Nikamsogezea kopo. Akatenga maharagwe manne, akafikiri, akarudisha moja. Matatu. Siku kadhaa, alama 1, pale ambapo mwezi uliopita niliandika 3. Siku hizo tatu, akaeleza, ni zile mwanawe wa mwisho alipochelewa kurudi na simu yake ikawa imezimwa.

Nilipeleka maneno yake kwenye kikao. Tukayajadili karibu saa nzima. Hoja dhidi yake ilikuwa nzito na sikuwa na jibu: ukibadilisha swali moja kati ya saba kiasi hicho, mpaka wa 10 si ule tena, na hata matokeo ya Kilifi hatuwezi kuyashika mkono. Mwenyekiti akasema tubaki na lililopo hadi tulijaribu kwa watu wengi zaidi, na kwa kanuni za kazi yake yuko sahihi. Karatasi rasmi bado inauliza kuhusu kupumzika. Kwenye nakala yangu maneno ya mama yako pembeni kwa penseli, na ninalisoma la rasmi kwanza, naandika jibu, halafu nasoma la penseli.